Kigoma mwisho wa reli, mwisho wa waya: maswali yenu ya umeme

Barua za safari hii zimetoka Ujiji, Kasulu, Kibondo, Urambo, Sikonge na Tabora mjini. Nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: jenereta za dizeli zikiondoka, maji na jua vikachukua nafasi yake, nani atashika umeme usianguke? Tumejibu kwa hesabu pale hesabu inaposema zaidi ya maneno. Walioandika kuhusu makato ya luku watusamehe. Hayo ni ya dirishani, si ya fundi.

Swali: Wahariri, salaam. Nauza samaki wa barafu hapa Ujiji. Tunaambiwa Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, yaani umeme wa kumwaga. Mbona saa mbili usiku feni inazunguka kama imechoka, na friji inanguruma bila kugandisha?

Jibu: Megawati ni hesabu ya taifa, volti ni hesabu ya nyumba yako. Rufiji kunaweza kuwa na umeme wa ziada na mtaa wako ukalala na umeme mdogo, kwa kuwa kila kilomita ya waya inakula kidogo.

Chukua laini ya kilovoti 33 yenye urefu wa kilomita 60, waya wa alumini wa milimita mraba 100. Waya huo una ukinzani wa omu 0.273 kila kilomita. Mwisho wake kuna mzigo wa megawati 3, na pawafakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli, ni 0.9. Ukipiga hesabu, kilovoti 2.4 zinapotelea njiani, sawa na asilimia 7, na kilowati 167 zinageuka joto la kupasha hewa porini. Sasa funga kapasita karibu na watumiaji hadi pawafakta ipande kufika 0.98. Upotevu wa volti unashuka kuwa kilovoti 1.9, na joto linakuwa kilowati 141. Rufiji hakujaongezwa hata megawati moja, lakini friji ya mwisho wa laini imeona nafuu.

Siri iko kwenye hiyo pawafakta. Friji, mota na mashine za kuchomelea huvuta umeme wa kufanya kazi, na juu yake umeme wa kutengeneza sumaku, ambao huenda na kurudi bila kuzalisha chochote ila unajaza waya. Jenereta ilipokuwa palepale mjini ilitoa vyote viwili mlangoni. Leo wa kazi unatoka mbali na ni sawa, lakini wa sumaku ukitoka mbali unafika umeliwa. Huo ndio mzigo unaotakiwa kutengenezwa karibu, kwa kapasita kwenye laini na kwenye vituo vya kupoza umeme.

Kabla ya kulaumu gridi, pima. Nunua multimita ya kawaida, pima kwenye soketi saa nne asubuhi na saa mbili usiku kwa siku saba, uandike. Kiwango ni volti 230. Ikishuka chini ya 207, kompresa inaanza kuumia. Kisha muulize jirani aliye kwenye fezi nyingine, yaani waya mwingine kati ya nyaya tatu za umeme za mtaa. Kama yeye ana 235 na wewe 195, fezi za mtaa hazijagawanywa sawa, na dawa yake ni kuhamisha nyumba kadhaa kwenye fezi nyepesi, kazi ya siku moja. Kama nyote mko 200, transfoma imelemewa, au swichi yake ya kurekebisha volti imekaa hatua isiyofaa. Ukienda ofisini na karatasi ya vipimo utasikilizwa haraka kuliko ukienda na malalamiko.

Na ukiona baadhi ya taa zinang'aa kupita kiasi huku nyingine zinafifia kwa wakati mmoja, zima swichi kuu hapohapo. Hiyo ni nyutro, waya wa kurudishia umeme, iliyokatika. Nyumba moja inaweza kupata volti 300 na kitu, nyingine 150, na vyombo vinakufa ndani ya dakika.

Stebilaiza inasaidia, ila ijulikane tabia yake: volti zikishuka, yenyewe huvuta ampia zaidi ili itoe 230. Mtaa mzima ukinunua stebilaiza, laini inazidi kuzama.

Swali: Mota yangu ya kusagia, hospawa 20, imeungua mara mbili ndani ya miezi minane. Fundi anasema gridi ni mbovu. Majirani wanasema mimi ndiye ninawazimia taa. Nani mkweli? (Kasulu)

Jibu: Wote wawili. Mota ya hospawa 20 ni kilowati 15, na kwa volti 400 huvuta ampia 28 hivi ikiwa na mzigo kamili. Ukiiwasha moja kwa moja huvuta mara sita au zaidi, karibu ampia 180, kwa sekunde kadhaa. Kama uko mita 500 kutoka kwenye transfoma, na waya ni alumini wa milimita mraba 50, volti 47 hivi zinapotea wakati huo: 400 inakuwa 353. Jirani aliyekuwa na 230 anabaki na 203. Hapo ndipo taa zinapopiga kope.

Nawe unaumia hapohapo, maana nguvu ya mota ya kuzungusha hushuka kwa mraba wa volti. Volti zikiwa asilimia 85, nguvu hiyo ni asilimia 72 tu. Kinu kikiwa kimeshiba mahindi hakiondoki, mota inabaki inavuta ampia nyingi bila kuzunguka inavyopaswa, na koili zinachemka. Mafundi wana kanuni yao: kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya kiwango, maisha ya insulesheni hupungua kwa nusu.

Weka kiwashio cha sta-delta, kinachoanzisha mota kwa volti pungufu (sta) kisha kuipa volti kamili (delta). Ampia za kuanzia zinashuka hadi theluthi, kama 60, na anguko la volti linakuwa 16 hivi. Lakini nguvu ya kuzungusha nayo inakuwa theluthi, kwa hiyo lazima kinu kianze kitupu. Taima isetiwe mota ifikie kasi yake kwanza, mara nyingi sekunde 6 hadi 10, ndipo iingie delta, halafu ndipo ufungue mahindi. Kosa tunalolisikia sana ni taima ya sekunde 2: mota haijachangamka, delta inapiga, na ampia zinaruka kana kwamba hukuweka kitu.

Kosa la pili limejificha zaidi. Ovalodi (kinga inayokata mota ikivuta ampia kupita kiasi) iliyofungwa baada ya kontakta kuu (swichi ya sumaku ya mota), ndani ya mzunguko wa delta, huona asilimia 58 tu ya ampia za laini. Kwa mota yako isetiwe 16. Fundi akisoma kibao cha mota akaseti 28, mota itaungua ovalodi ikitazama. Tunashuku ndivyo ilivyokuwa kwako, maana mota mbili ndani ya miezi minane ni nyingi hata kwa laini mbaya.

Ongeza rilei ya kulinda fezi, inayokata fezi moja ikipotea au volti zikienda chini ya 345, na uipe kuchelewa kwa sekunde 3 hadi 5 isikate kwa kila mtikisiko. Halafu kapasita ya kVAr 5 (kVAr ni kipimo cha umeme wa sumaku). Ifungwe iingie baada ya delta na itoke pamoja na mota. Ukiweka kubwa zaidi kwa tamaa, mota ikizimwa huku bado inazunguka itajizalishia volti za juu na kujiua yenyewe.

Swali: Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa umeme Tabora. Tumefundishwa kwamba mitambo ya jua haina inesha. Kwa gridi hilo lina hatari gani hasa?

Jibu: Marahaba. Fikiria baiskeli iliyopakia magunia mawili ya mkaa inayoshuka kutoka Urambo. Mwendeshaji akiacha kukanyaga, baiskeli inaendelea kwenda kwa uzito wake. Baiskeli tupu inasimama mapema. Turbini na jenereta zinazozunguka ndiyo magunia ya gridi, na uzito huo ndio inesha. Mtambo mmoja ukizimika ghafla, uzito wa mingine unaendelea kusukuma kwa sekunde chache huku kasi ikipungua, na kasi hiyo ndiyo hezi 50 unazozisoma kwenye mita. Paneli ya jua haina kinachozunguka.

Weka namba. Gridi ya mfano ina mashine zinazozunguka za MVA 2,000 (umeme wa kazi na wa sumaku kwa pamoja), kila moja ikiwa na inesha ya sekunde 4, yaani mzunguko wake unaweza kubeba mzigo wake kamili kwa sekunde 4. Turbini moja kama zile tisa za Bwawa la Nyerere, megawati 235, inadondoka. Kasi ya kushuka ni 235 mara 50, ugawe kwa mara mbili ya 4 mara 2,000: hezi 0.73 kila sekunde. Baada ya sekunde moja uko 49.27. Sasa ondoa nusu ya mashine zinazozunguka, nafasi yake ichukuliwe na jua. Turbini ileile ikidondoka, kushuka ni hezi 1.47 kwa sekunde, na sekunde moja baadaye uko 48.53. Huko rilei za kupunguza mzigo zinaanza kukata laini za mitaa, moja baada ya nyingine, kuokoa zilizobaki.

Utauliza, si maji yapo? Yapo, na turbini ya maji ina inesha nzuri, ila gavana wake, kirekebisha kasi kinachofungua na kufunga maji, ni mzito. Ukifungua mlango wa maji ghafla, shinikizo mbele ya turbini hushuka kwanza, na kwa sekunde moja au mbili nguvu inapungua badala ya kuongezeka, kwa sababu maji yaliyo ndani ya bomba yanahitaji muda kuchapuka. Kwa hiyo pengo la sekunde za mwanzo linahitaji kitu chepesi. Betri yenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri au paneli uwe wa gridi) huanza kusukuma ndani ya sekunde 0.2 au pungufu. Betri ishike sekunde za mwanzo, maji yashike dakika, na turbini za gesi zishike saa. Ukigawa kazi hivyo, mtambo kama wa jua wa Kishapu, Shinyanga, wa megawati 150 ambao awamu yake ya kwanza ni 50, unaingia bila kutikisa mtu.

Kuna mambo mawili ambayo vitabu huyapita haraka. La kwanza, akiba: muda wote lazima kuwe na mitambo inayozunguka bila kujazwa, na akiba yake isipungue mtambo mkubwa kuliko wote unaofanya kazi. Kwetu kipimo hicho ni 235. Kuunganishwa na Kenya kwa laini ya kilovoti 400 kati ya Singida na Isinya kunasaidia, maana magunia ya mkaa ya nchi mbili yanakuwa kwenye baiskeli moja. La pili, seti za inveta. Tarehe 28 Septemba 2016 jimbo la Australia Kusini lilizimika lote, wateja 850,000. Dhoruba iliangusha minara, volti zikashuka mara kadhaa ndani ya dakika mbili, na mashamba kadhaa ya upepo yakajiondoa kwa pamoja, megawati 456, kwa sababu inveta zilisetiwa kuvumilia idadi fulani tu ya mishtuko. Idadi hiyo ilikuwa ndani ya programu na waendesha gridi hawakuijua. Ukija kupokea mtambo wa jua kazini, usiridhike na kibao cha megawati. Omba ukurasa wa seti: unavumilia volti gani, kwa muda gani, mara ngapi.

Swali: Nimesikia laini ya kilovoti 400 ya Nyakanazi hadi Kigoma inaweza kuleta umeme mkubwa kupita kiasi. Juzi tulilia umeme mdogo, leo tuogope mkubwa? (Kibondo)

Jibu: Ndiyo, na vyote viwili vinaweza kutokea siku moja: mdogo saa mbili usiku kwenye laini za mitaa, mkubwa saa tisa usiku kwenye laini kuu.

Laini ndefu ya msongo mkubwa ni kapasita iliyonyooshwa. Kwa kilomita 280, laini hiyo huzalisha yenyewe karibu MVAr 170 za umeme wa sumaku, hata kama hakuna taa inayowaka upande wa pili. Laini ya aina hiyo ingefurahi kubeba megawati 500. Mji unapolala, mzigo ni sehemu ndogo sana ya hapo, na volti za mwisho wa laini zinapanda kupita za mwanzo. Ikiachwa tupu kabisa, 400 ya Nyakanazi inakuwa 418 hivi upande wa Kidahwe, kituo cha Kigoma, na zaidi kidogo kama chanzo chenyewe ni dhaifu. Dawa ni riakta, koili kubwa ndani ya tangi la mafuta linalofanana na transfoma, ambayo kazi yake ni kumeza MVAr hizo. Riakta ikitolewa kwa matengenezo, laini isiwashwe kama kawaida. Fundi wa zamu anayesahau hilo anapasua vizuia radi.

Hispania na Ureno zilizimika mchana wa tarehe 28 Aprili 2025. Wengi walikimbilia kulaumu inesha, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba mnyororo ulianza na volti kupanda bila kudhibitiwa: mitambo ikajiondoa kwa kuogopa volti, na kila uliojiondoa ukazipandisha zaidi.

Hapa ndipo mradi wa maji wa Malagarasi, pale Igamba, una thamani kuliko megawati zake 49.5. Jenereta zake zinaweza kumeza au kutoa umeme wa sumaku kwa kugeuza mkondo wa usumaku tu, karibu kabisa na Kigoma. Na mto wenyewe unapita kwenye kinamasi cha Malagarasi na Moyowosi, kinachonyonya mvua za masika na kuziachia polepole. Tusingependa kinamasi hicho kihesabiwe kama ardhi ya bure. Ni sehemu ya mtambo.

Swali: Umeme unakatika, unarudi sekunde hiyohiyo, unakatika tena, unarudi, kisha unaondoka moja kwa moja. Ni nani anatuchezea? (Tabora mjini)

Jibu: Rikloza. Ni swichi juu ya nguzo inayokata laini ikiona hitilafu, halafu inajaribu kurudisha. Hitilafu nyingi za nyaya za hewani ni za kupita: radi, tawi, ndege. Ikijaribu mara mbili au tatu hitilafu bado ipo, inajifunga hadi mafundi wafike. Bila rikloza, kila radi ingekuwa safari ya gari.

Wewe chomoa friji ukiona mkatiko wa kwanza, na umeme ukirudi subiri dakika 5. Gesi ndani ya kompresa inahitaji muda huo kusawazisha shinikizo. Ukiiwasha mapema inakwama na kuungua. Kifaa cha kuchelewesha friji kinauzwa madukani na kinafanya hivyo chenyewe.

Swali: Nina paneli 10 za wati 550 na inveta ya kuunganisha na gridi. Gridi ikikatika, inveta nayo inazima mchana kweupe jua linawaka. Na siku nyingine inazima saa sita gridi ikiwepo. Nimepigwa? (Urambo)

Jibu: Hukupigwa. Hiyo ya kwanza ni usalama. Transfoma inafanya kazi pande zote mbili: ukisukuma volti 400 kutoka chini, juu zinatoka 33,000. Fundi aliyepanda nguzo akijua laini imezimwa anakufa kwa umeme wa paa lako. Ndiyo maana inveta ya aina hiyo lazima izime ndani ya sekunde 2 gridi ikipotea. Ukitaka umeme gridi ikiwa haipo, unahitaji inveta ya mseto yenye betri na mlango wa dharura, na chenjiova (swichi ya kuhamisha kati ya gridi na betri) inayotenga fezi pamoja na nyutro. Taa, friji na chaji za simu ziwe kwenye saketi yake. Pasi na mota zibaki upande wa gridi. Baada ya kufunga, zima swichi kuu kisha pima upande wa mita: pasomeke sifuri. Pasiposomeka sifuri, usiwashe tena hadi fundi arudi.

Hiyo ya saa sita ni hesabu. Kama uko mita 300 kutoka kwenye transfoma kwa waya wa alumini wa milimita mraba 25, kilowati 5 zikirudi kwenye laini zinapandisha volti zako kwa 16 hivi. Mtaa ukiwa na 238 unafika 254, na inveta nyingi zimesetiwa kukata zikipita 253. Usimruhusu mtu akuongezee kikomo hadi 270. Utaua runinga za mtaa. Mwambie awashe seti ya inveta kumeza umeme wa sumaku volti zikipanda, au kupunguza nguvu kidogokidogo kuanzia 245. Bora zaidi, pampu ya maji ifanye kazi saa hiyo.

Swali: Halmashauri yetu inajadili: tuombe betri kubwa ya akiba, au tuombe jenereta zibaki? Naomba majibu ya kupeleka kikaoni. (Diwani, mkoa wa Kigoma)

Jibu: Mheshimiwa diwani, kikao kianze kwa kuuliza betri inaombwa kwa kazi gani, maana bei inatoka hapo. Tuchukue mji wenye mahitaji ya megawati 8 jioni. Mkitaka betri iubebe mji saa nne nzima, ni megawati-saa 32. Betri isitumiwe zaidi ya asilimia 90, na inveta inakula asilimia 5, kwa hiyo mnanunua kama 37. Kontena la futi 20 hubeba megawati-saa 3 hadi 5. Hesabuni makontena 8 hadi 13, na viyoyozi vyake, maana joto huzeesha betri. Mkitaka betri ishike dakika 15 tu wakati jenereta zinawaka, megawati-saa 2.3 hivi zinatosha. Nguvu ni ileile, gharama iko mbali kabisa.

Kwa upande mwingine, megawati 5 za dizeli zikiendeshwa siku nzima hunywa lita 32,000 hivi, kwa makadirio ya uniti 3.7 hadi 3.8 kwa lita. Kwa akiba ya saa chache kwa mwezi dizeli bado ni nafuu. Kwa kila siku haifai, na tusizunguke hapo.

Zingatieni mambo haya kwenye zabuni. Inveta ziko za aina mbili: inayofuata gridi na inayoiongoza. Inayofuata haiwezi kuwasha mji uliozimika hata betri ikiwa imejaa, kwa sababu inasubiri kuona gridi kwanza. Andikeni wazi kwamba mnataka inayoongoza, na kwamba iweze kupandisha volti taratibu kutoka sifuri, maana transfoma ikiwashwa ghafla huvuta mara 8 au 10 ya ampia zake na inveta itakata.

La pili ni ulinzi, na hapa ndipo miradi mingi huumia kimyakimya. Waya ukianguka, jenereta inayozunguka inasukuma ampia mara 5 au 6 za kawaida na fyuzi inayeyuka. Inveta inasukuma mara 1.1 hadi 1.5 tu. Fyuzi ileile haioni kitu, na waya unabaki chini ukiwa hai. Lazima seti za rilei zihesabiwe upya kwa hali ya betri peke yake, au iwekwe mashine ya kuzunguka bila mafuta, inayovuta umeme kidogo kujizungusha na kutoa inesha na ampia za hitilafu. Australia Kusini waliweka mashine nne za namna hiyo baada ya yaliyowakuta.

Jenereta zikibaki, zibaki hai. Kila mwezi ziendeshwe saa moja kwa mzigo usiopungua nusu. Chini ya asilimia 30 mafuta hayaungui vizuri na bomba la moshi linatoa utelezi mweusi. Maji yatolewe chini ya tangi. Na betri ndogo ya kuwashia ipimwe, maana jenereta nyingi zinazokataa siku ya shida zimekwamishwa na hiyo betri.

Siku ya kurudisha umeme msiwashe mji wote pamoja. Baada ya saa kadhaa za giza kila friji inataka kuanza, na mzigo unaweza kufika mara moja na nusu au mbili ya kawaida. Laini moja, dakika 10 au 15, ndipo nyingine. Hospitali na pampu za maji kwanza.

Swali: Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Sote tukinunua presha za umeme si transfoma italipuka? (Mama lishe, Kigoma mjini)

Jibu: Mama, presha ya wati 1,000 huvuta nguvu zote kwa dakika 20 hivi za mwanzo, kisha inawaka na kuzima. Maharage hayazidi nusu uniti. Tatizo ni saa moja jioni: presha 40 kwenye transfoma ya kVA 50 zikianza pamoja zimemaliza karibu nafasi yote kabla ya taa na runinga. Chemsha maharage saa sita mchana, jua likiwa linazalisha na laini iko wazi. Jioni unaunga tu.

Swali: Sisi warina asali tunalaumiwa kwamba moto wetu unaangusha nguzo. Moto ukipita mbona nguzo inabaki imesimama? (Sikonge)

Jibu: Inasimama, halafu inaanguka usiku au kesho yake. Nguzo za mbao zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa yenye shaba na kromiamu. Dawa hiyo inazuia mchwa vizuri, lakini mbao ikishika moto haizimi: inafuka polepole kwa ndani, bila ndimi, hadi shina linakatika. Kwa laini ndefu ya mbuga kama za kwetu, nguzo moja inatosha kuzima wilaya.

Kabla ya Julai palilia duara la mita 2 hadi 3 kuzunguka kila nguzo iliyo karibu na mizinga, udongo uonekane, usiache nyasi zilizolazwa. Moto ukipita, rudi baada ya saa moja uangalie tako la nguzo. Ukiona moshi mwembamba na waya bado ziko juu na zimekaza, fukia kwa udongo mbichi pande zote hadi moshi ukome, na upige simu ofisi ya umeme ukitaja namba iliyoandikwa kwenye nguzo. Ukikuta waya umelegea au umegusa ardhi, kaa mita 10 mbali, zuia watoto na ng'ombe, na usimwage maji.